Pasi Iliyowashwa ili Simu Ilie

Ndugu zangu, tulieni niwape habari ya mama mmoja mjane, aliyeshona sare za shule mpaka macho yakamgomea. Asubuhi zake zilikuwa za amani: birika likichemka, redio ikinong'ona, naye akinywa chai dirishani. Kilichokosekana ni mtu wa kuzungumza naye.

Mwanawe wa pekee, msimamizi wa ghala katika mji wa mbali, alikuja siku moja na plagi janja nne, zile zinazotuma kwenye simu habari za umeme unaotumika, na unaweza kuzizima kwa simu hiyo hiyo ukiwa mbali. Akazifunga kwenye birika, redio, friji na pasi.

"Nikiona birika limewaka saa kumi na mbili, najua umeamka salama, mama."

"Na kunipigia je?"

"Nitapiga. Hii ni nyongeza tu."

Nyongeza gani! Wiki ya tatu simu zikakatika. Mama akipiga yeye, anaambiwa kuna kikao. Kijana hakuwa na roho mbaya, jamani. Aliona birika limewaka, moyo ukatulia, akaendelea na kazi zake.

Siku moja mama alikuwa akipiga pasi mapazia, akapitiwa na usingizi kitini, pasi ikakaa imewaka saa nzima. Simu ikalia. "Mama, hiyo pasi ina nini?" Walizungumza dakika ishirini, mpaka wakacheka. Basi mama akapata mbinu. Kila Jumamosi alivaa gauni zuri, akawasha pasi, akaisimamisha mezani, akakaa pembeni na simu mapajani. Nawauliza nyinyi wenye wazazi: huo ni upweke wa namna gani?

Jumamosi ya tano taa ya pasi ilizimika yenyewe. Akabonyeza plagi, ikawaka, ikazimika tena. Mara ya tatu akaelewa. Mwanawe alikuwa ameshika simu wakati ule ule, anazima kwa kidole, wala hakuona haja ya kumwambia hata shikamoo. Ilimuuma sana. Alichomoa plagi zote nne, akazitupa kwenye droo ya cherehani.

"Sasa atapiga," akajiambia.

Hakupiga. Jumatatu homa kali ikamwangusha kitandani. Simu ilikuwa karibu, lakini alishachoka kuambiwa habari za vikao. Alhamisi mlango ukagongwa, akajikokota kufungua. Alikuwa fundi umeme.

"Mama, nimetumwa na mwanao. Anasema plagi zimeharibika."

Mama akayumba, akaanza kuanguka. Fundi akamdaka, akampigia aliyemtuma.

"Bosi, plagi achana nazo. Mama yako yuko hoi, nampeleka hospitali."

Kijana alifika hospitalini jioni, anahema. Mama akafumbua macho.

"Umekuja kutengeneza nini, mwanangu?"

 Kijana akapiga magoti kando ya kitanda, akalia mbele ya wauguzi.

FUNZO

Sikatai mitambo, hata mimi ninayo. Lakini kutazama birika la mzazi si kumjulia hali. Mama huyu alipona, wengine hawaponi. Mpigie mzazi wako usikie sauti yake, hata kama huna la maana la kumwambia. Ukiweza kwenda, nenda sasa, maadamu angali anakungoja.