Shemeji Alinizuia Nisimfukue Mume Wangu

Fimbo ilinipata juu ya sikio. Nikaona nyota saa nne asubuhi!

"Nimesema hutoki!" Shemeji Tlali akafoka. "Mumeo kashakufa. Unataka ukafe na wewe?"

Jamani... damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye blanketi, na sepetu bado ninayo mkononi. Nilikuwa naenda kumfukua mume wangu!

Ngoja niwape kisa. Huku kwetu Mokhotlong, nchi ya milima na baridi, theluji ilianguka siku tatu bila kupumzika. Mlango tuliusukuma kwa mabega. Kondoo walikufa wamesimama.

Mume wangu Motlatsi na mdogo wake Tlali walikuwa malishoni, juu mlimani, na ng'ombe kumi na wawili wa baba yangu. Baba alimkabidhi Motlatsi awachunge, maziwa tunywe sisi, ng'ombe wabaki wake. Na ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Huna ngozi, wewe mwizi.

Siku ya nne Tlali akarudi peke yake, juu ya farasi wa kaka yake.

"Theluji imeporomoka. Imewafunika wote, kaka na ng'ombe!"

Mama mkwe akapiga yowe, akaanguka chini. Mimi nikashika sepetu. Watu hufukuliwa wakiwa hai, nimeshaona! Sasa nyie niambieni, ndugu wa damu anamzuiaje mtu asimfukue kaka yake?

"Tlali, nipishe!"

"Rudi ndani, mwanamke!"

Akanipiga teke la tumbo. Nikaanguka karibu na jiko. Akainua fimbo tena, na kwa macho yale nikajua hii ni ya kuniua.

Pwaaa!

Sufuria la uji wa moto lilimfikia usoni. Aliyelirusha ni mama yake mzazi!

"Na yule ni mwanangu!" akalia, kisha akamshindilia mwiko kichwani mara mbili mpaka akatulia. Bibi huyo miaka saba hajawahi kunisifia hata chumvi. "'Mapuleng," akaniita, "unashangaa nini? Lete farasi!"

Tukapanda sote wawili. Njia haionekani, nyayo zimefutika. Nikamlegezea farasi hatamu, maana ndiye aliyetoka huko.

Hakwenda malishoni. Alikata kushoto, akashuka bondeni kuelekea mpakani. Mara nikasikia ng'ombe wanalia... na harufu ya nyama choma.

Pangoni, Motlatsi kakaa kando ya moto. Mzima! Anatafuna ubavu wa ng'ombe wa baba yangu!

Nilimkimbilia nikilia kwa furaha, mjinga mimi.

"Nani kawaleta huku?"

"Motlatsi... tumekuja kukufukua!"

"Si mngekaa tu mlie! Theluji kama hii baba yako angemdai nani ngozi? Kesho kutwa navuka nao, nauza, naanza maisha."

Nikamtandika sepetu ya bega. Akanikaba shingo, akanizamisha uso kwenye theluji. Sioni, sipumui... Mume niliyekuja kumwokoa!

Ghafla akaniachia. Mama alikuwa amemwekea kisu cha nyama kooni.

"Mama, mimi mwanao!"

"Mwanangu kafukiwa na theluji. Nimemlilia tangu asubuhi." Akavua blanketi lake, akamrushia kichwani, vile tunavyofunika maiti. "Sitamlilia mara mbili. Potea."

Motlatsi alisubiri mama acheke. Mama hakucheka. Motlatsi akaondoka kwa miguu kuelekea mpakani, na blanketi lile lile mabegani.

Ng'ombe kumi na mmoja, na ngozi ya yule aliyeliwa, tukamrudishia baba. Akatupatia mmoja wa msiba, na Jumamosi tukazika kofia ya Motlatsi. Aliyechimba kaburi ni Tlali, uso umevimba. Watu walikula, mchungaji wa kanisa akaomba. Mimi nililia kweli, siwafichi, maana niliyempenda alikuwa amekufa.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Mama mkwe akapokea.

"Mama, ni mimi... naomba kurudi nyumbani. Huku baridi inaniua."

"Umekosea namba, baba. Hapa tuna msiba."

Akakata, akaniambia uji wangu wa leo una chumvi nzuri.

Wapendwa, ukijiua kwa uongo, usishangae wakikuzika kweli.