Waya Mwembamba wa Kengele ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimwosha bibi yake uso, akamnywesha chai na kumwekea mto sawasawa. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, kwa kuwa mtoto huyu wa kike hakuweza kuona kitu kimekaa vibaya asikiguse.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza. Leo umetia sukari, au umeionyesha chai kijiko tu?"

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Miguu haikumbeba tena, na sauti yake ilikuwa ndogo, haifiki hata mlangoni. Ndiyo maana shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa fundi umeme, alimfungia mtambo. Kando ya kitanda aliweka kitufe, kimening'inia kwa kamba ya kitambaa. Bibi akikibonyeza, taa ya chumbani inawaka na kengele inalia jikoni. Akili ya mtambo ilikuwa ndani ya kisanduku cheupe ukutani koridoni, mbali na swichi kubwa ya nyumba. Kutoka kisandukuni mpaka kitandani ulikwenda waya mwembamba, umeshikizwa kwa vibanio juu kabisa ya ukuta.

"Huu unapitisha umeme mdogo sana, haumdhuru mtu," shangazi alimweleza Kiherehere siku ya kuufunga. "Lakini usilazwe pamoja na nyaya nene za nyumba hata siku moja. Kila mmoja na njia yake. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko kulikokuwa kazi.

Tatizo ni kwamba mama hakuupenda waya ule. Kila akipita koridoni aliutazama na kusonya. "Ukuta wangu umegeuzwa kamba ya kuanikia nguo!" Kisha ikaja habari kwamba ndugu wa ukoo wanakuja kumjulia bibi hali. Mama akapaka rangi koridoni, akafua mapazia, na bado waya ukabaki pale juu unamkera.

Alasiri moja umeme ulikatika mtaa mzima, na mama alikuwa ametoka. Kiherehere akasema moyoni, leo namfurahisha mama. Akapanda kwenye stuli, akaung'oa waya mwembamba na kuupenyeza ndani ya bomba lililofukiwa ukutani, humo humo zilimopita nyaya nene za nyumba. Ulipofika kwenye kona ulikwama. Akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka ukapita, kisha akaufunga tena kisandukuni kama ulivyokuwa. Ukuta ukabaki mtupu na safi.

Mama aliporudi alipiga kigelegele. "Heh! Wifi kaja saa ngapi? Kumbe akitaka anaweza!"

Kiherehere akacheka tu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Basi huo ukawa uongo wake, na wala hakufungua mdomo.

Wageni walikuja, wakaisifu rangi, wakaenda zao. Baada ya hapo kengele ikaanza uhuni. Pampu ya maji ikiwaka tu, nayo inalia. Mama anakimbia na unga mikononi, anamkuta bibi amelala fofofo.

"Umeniita, mama?"

"Mimi? Nikuite wa nini, mwanangu? Hebu niache nilale."

Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo mchana. Mwisho mama alichoka. Kengele ikilia anasema, "Pampu hiyo," na kuendelea kukata vitunguu. Kiherehere alikuwa akijua sababu: nyaya nene za nyumba zilikuwa zinausumbua waya mwembamba mle bombani. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikifika anaona haya, anaisogeza mbele.

Siku moja alirudi kutoka shule akakuta kengele inalia. Mama alikuwa uani anafua.

"Iache, pampu hiyo," mama alisema bila kugeuka.

Lakini pampu ilikuwa kimya. Kiherehere akatupa mkoba, akakimbia chumbani. Bibi alikuwa ameteleza mpaka ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa, machozi yanamtiririka mpaka masikioni.

"Nimewaita mpaka kidole kimekufa ganzi," alinong'ona. "Hamkuja, mjukuu wangu. Nimejikojolea kama kitoto. Na hiki kitufe nacho siku hizi kinaniuma kidole, kinachoma kama siafu."

Kiherehere akakumbuka maneno ya shangazi. Kitufe chenye umeme mdogo hakiumi mtu. Basi ule mkubwa ulikuwa umeingia! Akakivuta kitufe kwa ile kamba ya kitambaa, akakining'iniza mbali na mkono wa bibi. Alitaka kusema, lakini mama aliingia, akaona, akajishika kichwa na kulia kwa sauti. Walimwinua bibi pamoja, wakamsafisha na kumbadilisha. Bibi alifunika uso kwa mkono wake mzima. Aibu ilimuuma kuliko mwili.

Ndipo mama alipochukua simu. "Wifi! Njoo ung'oe mdude wako! Mama yako analia na kengele haina maana. Kesho watu watasema mkwe ndiye aliyemtupa!"

Shangazi alifika mbio, ovaroli imejaa vumbi la kazini. Alipita koridoni bila kuinua macho, akaenda moja kwa moja kupiga magoti kitandani.

"Nisamehe, mama. Kazi yangu imekuangusha." Machozi yalimtoka. Kiherehere hakuwahi kumwona shangazi yake akilia. Alisimama mlangoni. Akisema, mama atamchukia, bibi atamchukia, na shangazi hatamruhusu kugusa bisibisi tena maisha yake yote.

Shangazi alikivuta kitufe, akakifungua kifuniko.

"Wifi, hujazima umeme," mama alisema.

"Nizime wa nini? Nimeufunga mwenyewe. Huu hauui hata mende." Akanyoosha vidole kuzishika ncha tupu za waya.

"Shangazi usiguse!" Kiherehere alipiga ukelele mpaka bibi akashtuka. "Nimeupitisha kwenye bomba la nyaya nene! Ni mimi! Siyo wewe, ni mimi!"

Mkono wa shangazi ukaganda hewani. Polepole alitoa mfukoni testa, bisibisi ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye ncha ya waya. Kijitaa chake kikawaka chekundu.

Shangazi akaketi sakafuni. Alivitazama vidole vyake muda mrefu, kisha akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Wifi, kazime swichi kubwa," alisema kwa sauti ndogo.

Umeme ulipozimwa, aliuchomoa waya bombani. Pale ulipokwamia kwenye kona, plastiki yake na ya waya mnene uliosuguana nao zilikuwa zimechunika, shaba inachungulia. Kiherehere alilia kwa kwikwi. Mama naye alimshika bega, akasema, "Na mimi nina langu. Nilijali ukuta kuliko mtu aliyelala nyuma yake."

Shangazi alibadilisha waya wote, ule mnene uliochunika, na kisanduku pia. Waya mpya aliupitisha ukuta wa upande wa pili, ndani ya mfereji wake wa plastiki. Mahali pamoja tu ulipolazimika kukutana na nyaya za nyumba, aliukatiza juu ya nyaya hizo kama msalaba, haukwenda nazo sambamba. Kiherehere alishika ngazi na kuuliza maswali, na shangazi alijibu yote. Walipowasha pampu, kengele haikutoa hata mlio. Bibi alipobonyeza, ililia, na mama akafika.

Walipokuwa wanakusanya vifaa, Kiherehere alisema, macho chini, "Niliogopa utanigombeza, shangazi."

"Ningekugombeza, tena sana," shangazi alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungeniambia siku ile ile, ungelia kidogo, tungerekebisha, tungekula. Ungenyamaza leo, mwanangu, kesho ungekuwa unanizika."