Msalaba Wangu Ninao

Nani aliyemkabidhi Antía ule msalaba? Nimeuliza nyumba kwa nyumba katika mji wa Lugo, ndani ya ule ukuta wa kale unaouzunguka, mpana kiasi cha watu kutembea juu yake, nimeuliza hata waliohama, na sijapata jibu. Antía alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, muuza mikate karibu na kanisa kuu, asiye na ugomvi na mtu. Lazima kuna jioni moja alikutana na mtu juu ya ukuta, mtu huyo akamnyooshea kitu, naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akapokea.

Labda ni hivyo tu. Alipokea kwa adabu.

Novemba ilimkuta kitandani. Mama yake, Sabela, mjane wa miaka sitini na mbili, alimtazama akikonda siku hadi siku. Daktari alipima damu mara tatu, hakuona kitu. Msichana alilala kutwa, akaamka amechoka kama aliyetoka kuvuna. Asubuhi nyayo zake zilikuwa na tope. Na kwenye mkono wa gauni lake la kulalia palikuwa na matone meupe, magumu.

Nta.

Nyumba ile haikuwa imewasha mshumaa tangu Delmiro, baba yake Antía, alipozikwa.

Jioni moja Sabela alipakua supu ya kabichi na maharage kwenye sufuria ndogo, akaifunika. Ilikuwa ya wifi yake, Erundina, dada wa marehemu Delmiro, aliyekaa peke yake upande wa pili wa mji karibu na Lango la San Pedro. Magoti yalikuwa yamemwisha. Hakuwa amepanda ngazi za ukuta kwa miaka kumi na moja. Sabela alimwacha Antía amelala, akafunga mlango kwa ufunguo, akapanda ukutani kwenye Lango la Miñá.

Njia ya mitaani ni fupi zaidi. Lakini mtu wa Lugo akiwa na jambo moyoni hupita juu.

Ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka mtoni. Kushoto kwake, minara ya kanisa kuu ilionekana nusu, kama imekatwa kiunoni. Taa za mtaani ziliwaka chini. Juu hapakuwa na mtu. Ajabu, kwa sababu saa ile wazee huwa wanazunguka wawili wawili, na vijana wanakimbia wakihema.

Mbwa mmoja alilia chini ya ukuta. Akanyamaza ghafla.

Kisha harufu.

Nta ya moto... na udongo uliochimbuliwa.

Sabela alisimama. Alisikia nyayo nyingi, nyayo zisizo na viatu, zikija taratibu juu ya mawe. Ndani ya ukungu aliona vimuli vidogo vya mishumaa, viwili viwili, vikienda nyuma mpaka asikoweza kuona mwisho. Alijua ni nini. Kila mtoto wa kizazi chake alijua. Ni msafara wa wafu, na mbele yao hutangulia mtu aliye hai, amebeba msalaba, bila kujijua, jioni baada ya jioni, mpaka ampate wa kumpokea au mpaka afe.

Bibi yake alimfundisha neno la kujiokoa kabla hajajua kusoma. Ukinyooshewa msalaba, usipokee. Sema, Msalaba wangu ninao. Alimtamkisha jikoni, tena na tena, mpaka neno likatoka lenyewe kama chafya.

Yeye hakumfundisha Antía. Aliona ni mambo ya zamani.

Mtu wa mbele akatokea kwenye ukungu. Miguu mitupu. Gauni la kulalia la buluu, lenye kifungo kimoja cheupe ambacho Sabela alikishona mwenyewe.

Antía.

Macho yalikuwa wazi, hayaoni. Alisimama hatua moja mbele ya mama yake, akanyoosha mikono miwili. Msalaba ulikuwa mzito. 

Na mdomo wa Sabela ukasema, kabla Sabela hajasema:

"Msalaba wangu ninao."

Mikono ikarudi. Midomo ya msichana ilisogea kidogo, kama mtoto anayeota.

"Mama..."

Akapita. Vimuli vikapita kimoja kimoja, kila kimoja na baridi yake. Sabela alitaka kuita, alitaka kulirudisha lile neno mdomoni. Sauti ilipomjia, ukuta ulikuwa mtupu na supu ilikuwa inamwagikia viatu vyake.

Alikimbia nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Antía alikuwa kitandani. Sabela alimgusa nyayo.

Zimelowa. Baridi kama jiwe.

Asubuhi alimweleza Erundina kila kitu, jikoni kwake, bila kuinua macho. Erundina alisikiliza akimenya viazi. Alikuwa mwanamke wa ulimi mkali. Kwa miaka thelathini na tano hakuwahi kumwambia Sabela neno tamu.

"Nilimfukuza mwanangu," Sabela alisema.

"Hukumfukuza. Ulisema tulichofundishwa. Hata mimi ningesema."

"Usinifariji, wifi. Hujazoea."

"Sikufariji. Nakwambia kweli. Kufariji nitaanza siku supu yako ikipata chumvi."

Erundina akamaliza kumenya viazi. Kisha wakaamua. Lazima mtu aupokee ule msalaba, na mtu huyo ni Sabela. Atapanda kila jioni mikono mitupu.

"Utakufa wewe," Erundina alisema.

"Nimeshaishi."

Alipanda jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alizunguka ukuta mzima, milango yote kumi, mikono mbele kama anayepapasa gizani. Watu waliomjua walimsalimia wakampisha. Aliona wakimbiaji. Aliona paka. Kila aliporudi, Antía alikuwa na matone mapya ya nta, na uso umezidi kuwa mdogo.

Jioni ya nane alipitia kwa Erundina, akakaa bila kuvua koti.

"Hawaji," alisema. "Natembea, wifi, nawaita, hawaji."

Erundina alikoroga chungu muda mrefu.

"Mama yangu alikuwa akisema mbebaji hamrudii aliyekwisha kumkataa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nipe chumvi. Iko hapo nyuma yako."

Akaendelea kukoroga.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Antía aliomba mkate. Alikula akaomba mwingine. Nyayo zake zilikuwa kavu. Sabela alikaa kando ya kitanda akimtazama akitafuna, akiogopa hata kupumua.

"Nimeota siku nyingi nimebeba mzigo, mama," Antía alisema. "Mara moja nikakuona, nikakuomba unipokee. Ukaniambia na wewe una wako." Alipangusa makombo kwenye shuka. "Sikukasirika. Nilijua kweli unao, tangu baba afe."

Sabela alimkatia kipande kingine cha mkate. Kisha akajiuliza ni nani aliyempokea Antía ule mzigo.

Alichukua supu akaenda kwa Erundina, safari hii kwa njia ya mitaani, akikimbia. Ilikuwa saa sita mchana. Erundina alikuwa bado kitandani. Soksi zake nzito zilikuwa zimetundikwa kwenye kiti, zinadondosha maji. Magoti yalikuwa yamevimba kama maboga.

"Umepanda ukutani?" Sabela alinong'ona.

"Kwa magoti gani, wifi?"

"Hiki nini kwenye mkono wako?"

Erundina alitazama lile tone jeupe. Kama alijua, uso wake haukusema.

"Jibini," alisema. "Weka supu hapo. Umetia chumvi?"

Jioni ile Sabela alipanda kwenye Lango la San Pedro. Ukungu. Mbwa akalia, akanyamaza. Harufu ikaja, na safari hii vimuli vikaja pia. Kwanza alisikia mwendo wa yule wa mbele. Hatua moja, kisha mguu unaoburutwa. Hatua, kisha mguu unaoburutwa.

Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe," alisema. "Wifi, sina chochote. Tazama. Sina chochote mikononi."

Mtu wa mbele alifika karibu kabisa. Macho yalikuwa wazi, hayaoni. Hakunyoosha msalaba. Aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayemficha mtoto asipigwe na upepo, akampita.

Iliamuliwa jikoni kwa Erundina kwamba Sabela ndiye atakayeupokea. Aliyeupokea ni Erundina. Sabela alibaki na mikono yake mbele, akisikiliza goti lile bovu likihesabu mawe ya ukuta, kuelekea Lango la Miñá.