NILIVYOTOKA NA KARATASI YA AMAOKPARA

Mkono ulinidaka misuko kwa nyuma, ukanivuta mpaka magoti yakagonga sakafu.

"Lete karatasi, we mwanamke! Lete kabla sijakutoa kichwa!"

Jamani... sauti ile niliijua. Tumekula bakuli moja tangu tuko wadogo!

"Osita?" nikasema. "Osita, ni mimi!"

Kitambaa alichojifunga usoni kikashuka. Mtoto wa mjomba wangu, na panga mkononi!

"Olaedo?! Unafanya nini hapa?"

"Niko kazini! Wewe je?"

"Na mimi niko kazini!"

Tukabaki tunatazamana kama mazuzu. Nje watu wanapiga mayowe, vioo vinavunjika, afisa wa kituo cha kura amelala chini ya meza, kichwa kinachuruzika damu...

Nisiwachanganye, nianze nilikoanzia.

Mwenzenu elimu yangu ni darasa la sita. Miaka mitatu nimefagia ofisi ya Wakili Akuabata, nachemsha chai, nawapanga wateja kwenye benchi. Siongei sana. Naangalia tu.

Mwaka huu Wakili akagombea bunge la jimbo, kwao alikozaliwa. Walimsema!

"Wewe umeolewa, nenda ukagombee kwa mumeo!"

Yeye akawa anacheka. "Mume nilimfuata, lakini kitovu changu kimezikwa hapa."

Mpinzani wake ni Chifu Okwuosa. Pesa anayo, vijana wa mapanga anao. Na kilichokuwa kinamnyima usingizi ni kijiji cha Amaokpara. Wakili aliwapigania mahakamani wakarudishiwa uwanja wao wa soko, na hakuwatoza hata naira moja. Karibu kijiji kizima kikawa chake.

Kwa hiyo kila mtu alijua: kituo cha Amaokpara kitavamiwa. Karatasi ya matokeo isipofika mjini kabla ya saa kumi na moja jioni, kura zile hazihesabiwi, na Okwuosa anapita.

Wakala wa chama ndiye anayebaki na nakala ya karatasi hiyo. Makarani wenye digrii waliombwa, kila mmoja akapata ugonjwa wake. Mara tumbo, mara mgongo, mmoja akazika shangazi aliyekwisha kufa mwaka jana!

Wakili akaniita.

"Olaedo, wewe una macho. Nataka ukasimame Amaokpara."

"Mimi, Wakili? Na darasa langu la sita?"

"Wenye digrii wanaangalia simu. Wewe unaangalia watu."

Usiku ule sikulala kwa furaha. Mimi, mfagizi!

Basi siku ya kura tukahesabu vizuri. Wakili kura mia tatu na kumi na mbili. Okwuosa arobaini na moja. Afisa akagonga muhuri, akanipa nakala, nikaikunja nikaitia kifuani.

Hata wino haujakauka... wakaingia.

Sasa turudi pale chini.

Osita akaniachia misuko.

"Toka na mlango wa nyuma," akaninong'oneza. "Kimbia. Nitasema sikukuona."

Nikainuka. Hatua ya kwanza, ya pili...

"Unakwenda wapi, bibi harusi?"

Mlangoni kasimama jibaba sijawahi kuliona. Macho mekundu, fulana imelowa damu ya afisa. Wenzake walimwita Komando. Si mtu wa kwetu huyu, Okwuosa alimleta kutoka mbali.

"Komando, huyu mwache," Osita akasema. "Huyu ni mpwa wetu."

"Mpwa wa nani?"

"Wa kijiji. Mama yake kazaliwa hapa. Damu yake haimwagwi hapa, kaka. Akikatwa mpwa sisi tunatazama, ukoo mzima tumekwisha."

Komando akacheka mpaka akakohoa.

"Kwetu hatuna huo ujinga. Sogea!"

"Nakuomba, Komando."

"Sogea, we mtoto wa mama! Umelipwa kuua au umelipwa kutambulisha ndugu?"

Osita hakusogea.

Komando akainua panga. Nililiona likishuka, jamani, nililiona kabisa, likija usoni kwangu... Osita akaingia katikati. Likampata kati ya shingo na bega. Mlio ule mpaka leo nikisikia mtu anakata nyama buchani, naondoka.

Hakuanguka! Akamkumbatia Komando kiunoni kama watoto wanavyopigana mieleka, akamsukuma mpaka ukutani, akamchoma panga lake chini ya mbavu. Mara moja. Mara ya pili. Wakashuka pamoja ukutani, wamekumbatiana vilevile.

Vijana wengine wa kijiji, nao wamelipwa na Okwuosa, wakaona mwenzao kakatwa na mgeni. Wakageuka. Yule Komando alikuwa bado anapumua walipomtoa nje. Walivyommaliza sitaandika.

Nikakipakata kichwa cha Osita. Nikafunga jeraha kwa kitenge changu, kikalowa. Nikafunga kwa kilemba, kikalowa.

"Olaedo..."

"Usiongee."

"Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Basi nenda, dada. Nisife bure."

Akafa macho wazi.

Mjomba wangu mwenyewe, baba yake Osita, ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki.

Nikafika mjini saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tano. Kura zilikuwa zinajumlishwa kwenye ukumbi wa shule. Nikapita nyuma, kwenye magari, maana mbele walijaa watu wa Okwuosa. Nikamsikia Wakili anabishana na mdogo wake, Ndubueze, msimamizi wa kampeni yake.

"Dada, Amaokpara watu wamechinjana! Yule msichana atakuwa amekufa!"

"Hajafa."

"Umejuaje?"

"Mama yake ni binti wa pale. Hawawezi kumgusa. Unadhani kwa nini nilimpeleka yeye?"

Nikasimama.

"Lakini nilikwambia tangu Jumatano kwamba Okwuosa kaleta mtu wa nje! Yule hana mpwa wala shangazi pale!"

"Nakumbuka."

"Sasa?"

Wakili akashusha sauti, lakini nilisikia. Macho yangu aliyasifia, masikio akayasahau.

"Huyo wa nje asingemfikia, Ndubueze. Wajomba zake ingewabidi wasimame katikati."

Nikatoka nyuma ya gari.

Wakili akanikimbilia mikono wazi. "Mwanangu! Umeumia wapi?"

"Damu si yangu."

"Ya nani?"

"Ya aliyesimama katikati."

Mikono ikamshuka. Lakini macho yake, jamani, yakaenda kifuani kwangu, pale karatasi ilipotokeza ncha. Akanyoosha mkono.

Nilifikiria kuichana. Mungu anisamehe, nilifikiria! Lakini nikichana, anayepita ni Okwuosa, aliyelipia lile panga. Na watu mia tatu na kumi na wawili walisimama juani tangu asubuhi.

Nikampita na mkono wake ukiwa hewani. Nikaingia ukumbini, nikaiweka karatasi mezani kwa msimamizi wa uchaguzi mwenyewe. Ilikuwa na damu pembeni, lakini namba na muhuri vilisomeka.

Wakili alishinda kwa kura mia moja na tisini.

Siku ya nne alikuja msibani na ng'ombe. Mjomba akaagiza ng'ombe arudishwe garini. Mimi Wakili akanivuta pembeni, analia kweli.

"Ningempeleka mwingine, wangemuua, Olaedo. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, usingeenda."

"Ningeenda, Wakili. Ila ningepita kwanza kwa Osita, nimwambie siku hiyo abaki nyumbani."

Akafuta uso kwa kiganja, akaenda kupanda gari lenye ng'ombe.

Ofisi yake sijarudi tena. Ninauza akara, zile bajia za kunde, sokoni Amaokpara, kwenye uwanja ule ule aliowarudishia.

Wewe unayesoma, siku mkubwa akiwaruka wenye vyeti akakupa wewe heshima, furahi, lakini muulize pale pale: kwa nini mimi? Mimi nilisema tu asante.