Jogoo wa Romana

Kila asubuhi tukienda shule tulikuwa na kituo cha lazima, ambacho hakikuwa kwenye ratiba ya mwalimu mkuu. Kilikuwa kwa Bibi Nyanzala. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kitongoji chetu, upande wa Usevya, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na malisho ya ng'ombe yanapoanza. Unapita, unaamkia "Shikamoo bibi," unapewa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Mimi nilikuwa naamkia nikienda na nikirudi.

"Wewe Hilari," alikuwa akiniambia, "heshima yako ni ya tumbo."

Siku hizi nipo Majengo, Mpanda mjini, natengeneza pikipiki. Maziwa nanunua ya pakiti. Pakiti haina utani.

Bibi Nyanzala alikuwa mama yake Machibya, mfugaji, na bibi yake Lyamba, tuliyesoma naye darasa la sita. Mwaka ule ng'ombe wa Machibya walibomoa ukingo wa mfereji unaopeleka maji kwenye mpunga. Kitongoji kizima kikatoka na majembe kuuziba, Machibya hakutoka. Akaitwa tena, akasema ana kazi zake. Tusidanganyane, alikuwa na makosa. Mkutano ukaamua atengwe: yeye na watu wa nyumba yake wasisalimiwe, wasisaidiwe, wasiendewe hata wakipata msiba. Atakayekwenda, faini yake jogoo. Aliyeitangaza amri hiyo ni mwenyekiti wetu, Mzee Telesphor, mtu wa haki na wa sauti nene, ambaye akiimba kanisani madirisha yanaitikia.

Sisi watoto tukaambiwa tupite njia ya kisimani. Kikombe cha bati tukawa tunakiona kwa mbali tu, kimeangikwa uani.

Mzee Telesphor alikuwa na binti, Romana, tuliyekuwa naye darasa moja. Romana aliweza kumwigiza mtu yeyote, hata mbuzi mwenye mafua. Kwa hiyo Mwalimu Pontien alipoanza kutufundisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya siku ya wazazi, Romana ndiye aliyepewa ufalme.

"Wagiriki wa kale," mwalimu alituambia, "walikuwa wanakusanyika mji mzima kutazama michezo ya huzuni. Mfalme ameshikilia amri yake, mwingine ameshikilia dhamiri yake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwisho wake ni vilio."

"Sasa mwalimu, wanatoka nyumbani kwenda kulia?" nikauliza.

"Hilari, wewe utakuwa mzee."

Basi nikawa mzee. Katika michezo ile huwa kuna kundi la wazee wa mji wanaosema kwa pamoja, na sisi wazee tulibandika ndevu za pamba. Mchezo wetu aliutunga mwalimu mwenyewe kwa kufuata mtindo wao. Mfalme anaamuru lango la mji lifungwe, mkosaji abaki nje na mvua. Mwanamke mmoja anasema moyo wake unakataa, anakwenda kulifungua. Hapo Romana anapiga kelele: "Amri ni amri! Hata angekuwa mwanangu!" Na sisi wazee tunajibu tukitetemeka: "Tunasikia, ee mfalme, ila mioyo yetu ina mashaka!" Darasa zima lilikuwa linakufa kwa kicheko, maana sauti ya mfalme ilikuwa ya Mzee Telesphor mtupu.

Halafu Bibi Nyanzala akafariki.

Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Majirani wanachimba, majirani wanaleta maji na kuni, yeye anakaa alie. Siku ile hakwenda mtu. Machibya na Lyamba walichimba wenyewe, katikati ya kiangazi, udongo mgumu kama sakafu.

Mchana Romana hakuonekana mazoezini. Tukiwa uwanjani tukamwona anapita barabarani, matope magotini, jembe begani. Nyuma yake alikuwepo Abednego, mgambo wa kitongoji, anatembea kifua mbele kama aliyekamata nyati. Tukawafuata na ndevu zetu mpaka ofisi ya mwenyekiti.

"Ulikuwa wapi?" Mzee Telesphor alimuuliza binti yake.

"Kwa kina Lyamba, baba. Nilikuwa namwagia maji udongo ulainike, na kuchimba."

"Amri unaijua?"

"Naijua. Nilikuwepo ukiitangaza."

"Na faini?"

"Naijua. Naomba nikailete."

Akalaza jembe chini, akaenda nyumbani, akarudi na jogoo wake mwekundu aliyemlea tangu kifaranga. Tulimwita Bosi kwa sababu hakuna kuku aliyekula kabla yake. Romana akamweka mbele ya meza, miguu imefungwa.

"Faini hii hapa, baba. Sasa naomba nirudi. Kaburi halijafika hata kiunoni."

"Ukirudi unakosa upya!"

"Nitalipa upya. Amri yako siipuuzi, baba. Ila Bibi Nyanzala hakubomoa mfereji. Alitunywesha maziwa sisi wote, hata wewe."

Mzee Telesphor akapangusa uso. "Mwanangu, nikikuachia wewe, kesho nani atakuja kwenye mfereji? Watasema mwenyekiti ana sheria ya watu na sheria ya mwanawe. Na mfereji ukifa, njaa itachagua nyumba?"

Mzee wa watu alisema kweli, na Romana naye alisema kweli. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwenyekiti, mimi jogoo sina. Tetea anakubalika?"

"Nyamaza, Hilari!"

Lakini mwenzangu Suzana alikuwa ameshachomoka mbio, na wazee wengine nyuma yake. Kitongoji kilikuwa hakijawahi kuona wazee wenye ndevu nyeupe wakikimbiza kuku namna ile. Mama yangu alinifukuza na mwiko hadi njiani. Tuliporudi, kila mtu alikuwa na kuku kwapani, na Mwalimu Pontien anahema nyuma yetu.

"Faini zetu hizi, mwenyekiti," Suzana akasema. "Na sisi tunakwenda kwa kina Lyamba."

Abednego akakuna kichwa. "Mwenyekiti, nifunge nani? Kuku au wazee?"

Mzee Telesphor akasimama, akapiga meza. "Hakuna anayekwenda! Amri ni amri! Hata angekuwa mwanangu!"

"Tunasikia, ee mfalme, ila mioyo yetu ina mashaka!"

Haki ya Mungu, hatukupanga. Midomo ilijibu yenyewe, kwa mazoea. Kuku kwapani nao wakadakia.

"Hayo mmeyatoa wapi?" Mzee Telesphor aliuliza taratibu.

"Kwenye mchezo wetu, mwenyekiti," Mwalimu Pontien akajibu.

"Mfalme ni nani?"

"Ni mimi, baba," Romana akasema. "Ila sauti nimeazima kwako."

"Na mwisho wake inakuwaje?"

Romana aliinamisha kichwa. "Mfalme anakwenda kufungua lango, baba. Ila amechelewa."

Mzee Telesphor alimtazama binti yake, akamtazama na Bosi. Kisha akainama, akaliokota lile jembe.

"Abednego, kagonge kengele. Watu waje na majembe."

Watu walikuja mbio wakidhani mfereji umebomoka tena. Mwenyekiti hakueleza mengi, alitangulia tu, nao wakamfuata mpaka kwa Machibya. Machibya alipowaona akasimama ndani ya shimo.

"Mwenyekiti, kuhusu ule mfereji..."

"Mfereji kesho. Toka humo, bwana. Mfiwa hachimbi."

Tulimzika Bibi Nyanzala kabla jua halijazama, na vilio vyote alivyonyimwa asubuhi akalipwa jioni. Kuku wetu tulirudishiwa, isipokuwa Bosi. Mwenyekiti alisema faini ni faini, akampeleka Bosi kwenye sufuria ya msibani. Romana aliwapakulia watu, yeye hakuonja.

Baada ya chakula Mzee Telesphor akatuita.

"Amri tuliiweka ili tuishi pamoja," alisema. "Ikituzuia kuzikana, imeacha kazi yake, na mimi ndiye nilipaswa kuwa wa kwanza kuliona. Nitaitisha mkutano tuibadilishe. Lakini na nyie mjifunze. Romana hakujificha, hakunidanganya wala kunitukana. Moyo ukikataa amri, usitoroke kama mwizi. Sema wazi, na uwe tayari kubeba gharama yake. Mkubwa naye akiambiwa, asikilize mapema, kabla hajachelewa."

Asubuhi yake Machibya alikuwa wa kwanza kufika kwenye mfereji.

Nikienda nyumbani likizo, bado napita kwa kina Lyamba. Watoto wa shule wanapita na wao, na kikombe cha bati ni kilekile, kimebonyea zaidi. Namwamkia Lyamba "Shikamoo," ingawa tumezaliwa mwaka mmoja. Ananijazia kikombe, ananiambia heshima yangu ni ya tumbo.