Kamera Ilipogeukia Maharusi

"Oronzo, hebu toka nyuma ya shela yangu!"

Nives alishachoka. Wametoka Udine, kaskazini kabisa mwa Italia, kwa treni na nguo zao za harusi, kama maharusi wenzao waliojazana Uwanja wa Mtakatifu Petro Jumatano ile wakisubiri baraka ya Baba Mtakatifu, halafu mwanamume wake anajificha kama mwizi wa kuku!

"Jua kali, mke wangu."

"Jua liko kule. Kamera ndiyo iko huku. Nani hatakiwi kukuona kwenye televisheni?"

"Hakuna mtu, bwana! Wewe nawe kwa kushuku!"

"Kamera ikigeuka tu, unainama kufunga viatu. Viatu vyenyewe havina kamba!"

Akavuta shela pembeni kwa nguvu. Kamera ikawanasa wote wawili, Oronzo kakodoa macho. Haikupita dakika, simu ikatetemeka mfukoni mwake. Nives akaiwahi.

Aliyeandika ni "Fundi Bomba":

"Nimekuona. Huyo ndiye aliyefanya unisahau?"

"Fundi bomba gani huyu mwenye wivu?"

"Nipe simu, mpenzi. Nitakueleza hotelini."

"Thubutu!"

Ndoa ina mwezi mmoja, tayari kuna mwanamke! Akapiga, akaweka spika.

"Wewe, mimi ndiye mke wake wa kanisani! Wewe nani?"

Ikaja sauti ya kizee, nyuma yake televisheni ikivuma.

"Mimi mama yake. Niko Lecce, huku Kusini, namngojea Baba Mtakatifu kwenye televisheni kama kila Jumatano. Hilo koti ni la marehemu baba yake. Mbona limembana hivyo?"

Nives akamgeukia mumewe.

"Uliniambia mama yako alikufa! Kila Jumapili namwashia mshumaa, Oronzo!"

Oronzo machozi yakamlengalenga.

"Alisema nikioa binti wa Kaskazini, wa hao 'wala ugali' kama sisi wa Kusini tunavyowatukana, nimhesabu amekufa. Basi nikamhesabu."

"Nilikuwa na hasira, mwanangu," mama alilia kwenye simu. "Nilijua kesho yake utarudi."

Nives alimhurumia mama, akamwonea hasira mume, na yote mawili yalimuuma.

"Nisamehe, mke wangu. Niliona aibu."

"Umemzika mzazi wako akiwa hai. Siku tukigombana, na mimi utanizika?"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe, gari la Baba Mtakatifu linaingia, maharusi wakapanda juu ya viti. Nives hata hakugeuka.

"Mama, kesho tunakuja. Kitanda kipo?"

"Kipo cha Oronzo."

"Hicho nalala mimi. Yeye atalala sebuleni mpaka asamehewe."

"Mimi nimeshamsamehe, binti yangu. Nilimsamehe zamani."

"Wewe ndiyo, mama. Mimi bado."