Kava Jeusi la Mdogo Wangu

Fundi wa mashine aliinua karatasi iliyokuwa bado inanuka wino, akaigeuza upande wangu.

Nikaisogelea niione vizuri.

Ilikuwa nyeusi tiii. Katikati, jina la mdogo wangu kwa herufi nyeupe. Chini ya jina, miaka miwili na kistari katikati, vile inavyoandikwa makaburini. Wa kwanza hata sikuusoma. Wa pili ulikuwa mwaka huu huu tulionao!

Na chini kabisa, neno moja...

KWAHERINI.

"Pole sana," fundi akaniambia kwa sauti ya chini. "Sikujua kama amefariki. Mke wangu anampenda mno yule kijana."

"Nani amefariki?!"

Fundi akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Akaishusha polepole kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

Jamani, mdogo wangu alikuwa hai! Asubuhi hiyo hiyo alinitumia ujumbe akiuliza kama ile rangi ya njano imekubali.

Sasa ngoja niwaeleze vizuri, msije mkapotea.

Mimi ni dizaina. Mdogo wangu ni yule mwanamuziki mnayemwita Kinubi. Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye. Alipoanza kuimba hakuwa na hela ya kumlipa mchoraji, nikamchorea nembo bure, nyuzi tatu na jina lake. Tangu hapo kila kitu chenye jina hilo kimepita mikononi mwangu. Fulana, mabango, makava ya nyimbo, hata vibandiko vya kwenye magitaa.

Albamu hii ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Dada," aliniambia tulipoanza kupanga, "siku hizi muziki uko kwenye simu tu, haushikiki. Mimi nataka kitu cha kushika. Mtu akifungua kasha langu, chumba kipate mwanga."

Basi nikamchorea kasha la kadibodi ngumu linalofunguka katikati kama dirisha la mbao. Ukifungua tu, unakutana naye anacheka, kichwa kakirudisha nyuma, mdomo wazi hadi magego yanaonekana, na nyuma yake njano ya kiini cha yai. Chini ya picha inakaa santuri. Pembeni, kijitabu cha maneno ya nyimbo.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naijua mimi. Nilikwenda kiwandani kuangalia kipande cha majaribio cha ile njano tu, faili zenyewe bado ninazo mimi.

Kava jeusi sikulichora. Sikuwahi kuliona. Sikuwahi kuambiwa!

"Nani ameleta hii?" nikamuuliza fundi.

"Meneja wenu. Alisema ndilo kava la nje. Linavishwa juu ya kasha."

Nikatoka nje nikampigia.

Meneja wake ni mtu mmoja anayevaa miwani ya jua hata ndani ya lifti. Anaongea haraka kama mnadi bidhaa. Siku hiyo maneno yalimtoka moja moja.

"Dada... hiyo hukutakiwa uione."

Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Mtu kachapa kifo cha ndugu yako, halafu anakwambia hukutakiwa uone!

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anapumzisha sauti. Dada, mimi nahitaji faili zako za kasha. Bila hizo hatuchapi kitu. Nitumie leo."

"Nieleze kwanza hilo kava!"

"Siruhusiwi."

Akakata.

Nikampigia mdogo wangu. Simu ikaita hadi ikachoka. Baadaye ukaingia ujumbe: "Niko salama Dada. Maliza kasha tafadhali."

Nikausoma mara nyingi. Kwani ni yeye aliyeandika? Mtu yeyote mwenye simu ya mwenzake anaweza kuandika hivyo. Nikakumbuka ni muda mrefu sijasikia sauti yake. Ujumbe tu, ujumbe tu. Kila nikipiga naambiwa anatunza koo kwa ajili ya uzinduzi.

Na nikakumbuka jambo jingine. Kuna siku studio meneja alikuwa anatania na wapiga vyombo, akasema, "Msanii akifa ndipo anauza." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka!

Nikaenda nyumbani kwa mdogo wangu mbio. Meneja ndiye aliyefungua geti, akasimama katikati kama kufuli.

"Amelala."

"Nitakaa nimsubiri."

"Dada, nakuomba. Rudi ukamalize kazi."

"Mimi ni ndugu yake!"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Dirisha la juu pazia lilitikisika. Nikaita jina lake, lile la nyumbani. Nikaita tena. Pazia likatulia. Geti likafungwa usoni kwangu, na majirani wakawa wameshatoka kunitazama.

Nikasema huyu meneja dawa yake ni Mama. Mama akijua, ataling'oa hilo geti kwa mikono.

Nilimkuta anakunja nguo. Nikamwaga kila kitu, kava, miaka, geti, nikilia kama mtoto. Mama hakuacha kukunja. Alikuwa anakunja shati moja, analikunjua, analikunja tena.

"Mwanangu," akasema bila kuniangalia, "maliza kazi ya mdogo wako."

Nikalishika lile shati asilikunje tena.

"Mama... unajua?"

"Maliza kazi."

"Unajua nini, Mama? Wamekuambia nini?"

"Nimesema maliza kazi! Usinitese!"

Mama yangu hanipandishii sauti. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikabaki na lile rundo la nguo, sijui niende wapi. Polisi ningewaambia nini? Kwamba kuna karatasi nyeusi? Mtu mwenyewe yupo nyumbani kwake, mama yake hana neno, meneja ana mkataba. Ningeonekana nimedata.

Niseme ukweli, sijawahi kujiona mdogo vile.

Nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi. Faili.

Nikarudi kwangu, nikabadilisha nenosiri, nikafunga kila kitu. Nikamwandikia meneja: "Hupati hata mstari mmoja mpaka nimuone mdogo wangu uso kwa uso."

Akapiga, akabembeleza. Sikutoa. Kesho yake akapiga akafoka, akanitajia mkataba, akanitajia wanasheria. Sikutoa. Siku zikawa zinakwenda, mashine kiwandani zimesimama, mimi nimekaa juu ya faili kama kuku anayeatamia.

Halafu akapiga tena, na safari hii alikuwa analia.

Yule bwana wa miwani! Analia hadi maneno hayatoki.

"Dada, unamuua. Wallahi unamuua..."

"Wewe ndiye uliyemuua kwenye karatasi!" nikamjibu, nikakata, nikajipongeza.

Mnaona? Nikajipongeza.

Mchana mmoja mlango wangu ukagongwa. Nikafungua.

Mdogo wangu.

Amekonda, mashavu yameingia ndani, skafu imezungushwa shingoni na jua lote lile. Nikamrukia, nikamkumbatia, nikahisi mbavu zake moja moja.

"Wamekufanya nini? Niambie! Umetoroka?"

Akafungua mdomo. Ndugu zangu, sauti iliyotoka si ile mnayoijua. Ilikuwa kama mtu anaburuta kiti juu ya mchanga.

"Nipe maji, Dada. Halafu kaa."

Nikakaa. Akanywa kwa shida, akijikunja kila anapomeza.

"Nina uvimbe kooni. Ule mbaya. Daktari anataka kutoa kisanduku chote cha sauti. Nikikubali, nitaishi. Ila sitaimba. Sitaongea pia."

Nikamjazia glasi tena.

"Kava jeusi ni langu mimi. Nimelichora mwenyewe, vibaya vibaya, samahani. Ule mwaka wa kwanza sio niliozaliwa. Ni mwaka niliotoa wimbo wa kwanza. Anayekufa ni Kinubi, Dada. Mimi nabaki. Nikiwahi."

"Ukiwahi nini?"

Akatazama chini.

"Nilimwambia daktari siingii chumba cha upasuaji mpaka niishike albamu yangu. Nataka niishike nikiwa bado naweza kusema kwa mdomo wangu, hii ni yangu. Amenigombeza. Mama amelia. Meneja amenipigia magoti. Nimekataa. Basi wote wakawa wanangoja kasha..."

Akaitazama kompyuta yangu.

Wote walikuwa wanangoja kasha. Na kasha nimelikalia mimi.

Kila siku niliyokaza shingo nikidhani namwokoa, ule uvimbe ulikuwa unakula. Mama kule ndani alikuwa amefungwa mdomo kwa kiapo cha mwanawe. Na yule meneja alikuwa analia kilio cha kweli.

"Kwa nini hukuniambia?" nikampigia kelele. "Mimi! Kwa nini mimi tu?"

Akajaribu kutabasamu.

"Kila aliyejua alianza kunitazama kama jeneza. Hata mpiga ngoma. Ningekuambia, ungenichorea msiba. Nilitaka mtu mmoja tu duniani anichore nikiwa nacheka. Wakilivua lile jeusi, wanikute hapo."

Akaikaza skafu yake.

"Nilikosea, Dada?"

Mpaka leo sijamjibu. Nilifungua kompyuta, nikakosea nenosiri nililoliweka mwenyewe mpaka nikalia kwa hasira. Yeye akaketi nyuma yangu, kidevu begani kwangu, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Faili zikaenda.

Kiwandani fundi alipomwona akiingia kwa miguu yake, nusura akimbie. Alikuwa ameshamwombea kama marehemu!

Kasha la kwanza likatoka. Mdogo wangu akalivua lile kava jeusi, akalifungua kasha katikati, akajikuta anacheka kwenye njano. Akalibana kifuani. Akasema kwa ile sauti ya mchanga:

"Hii ni yangu."

Meneja akavua miwani. Kumbe ana macho madogo, mekundu, ya mtu asiyelala.

Siku ya upasuaji tulimzunguka kitandani sote. Kila mtu anajua maneno atakayoyasema sasa ndiyo ya mwisho. Mama kamshika mkono. Mimi nimewasha kinasa sauti cha simu. Tunangoja aseme neno la kukumbukwa, mtu aliyeandika nyimbo zote zile!

Wauguzi wakaanza kusukuma kitanda. Akanigeukia.

"Dada... gundi ya pembeni ya kasha imezidi. Waambie wapunguze."

Milango ikajifunga.

Ndiyo hayo. Ninayo kwenye simu.

Alitoka salama. Ana tundu dogo shingoni, ndilo analopumulia. Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza lile swali lililokuwa linanila. Zile siku nilizozuia kazi, zilichukua kitu? Pengine wangeweza kumwachia hata nusu ya sauti?

Daktari alikunja karatasi alizoshika.

"Hakuna anayeweza kukujibu hilo," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ningependa angenitukana.

Albamu ikatoka. Mliona wenyewe. Wengi mlilia, Mungu awabariki. Na wengine mkaandika "kiki hiyo", "anatafuta huruma auze", "akifa kweli tutaamini". Nilizisoma zote. Nikitaka kujibu, mdogo wangu ananishika mkono na kutikisa kichwa. Jana ndipo aliponiandikia kwenye simu yake: "Sasa waambie." Basi ndiyo nawaambia.

Jumapili Mama alikuja kwa mdogo wangu na chakula. Akakuta sahani ya asubuhi haijaguswa, akaanza kumsema kama zamani.

"Wewe mtoto hutaki kula, unataka nini? Eh? Nakuuliza! Si unijibu?"

Kimya.

Mama akashtuka, mkono ukaenda mdomoni. Mdogo wangu akainuka haraka, akaichukua ile sahani, akala yote, kila punje, huku anamwangalia Mama machoni. Mama akaenda jikoni akafungulia bomba la maji ili tusimsikie.

Tulimsikia. Nami nilikaa pale kwenye kochi, dada mkubwa mtu mzima, sina cha kufanya kwa yeyote kati yao.

Wapendwa, ukiona watu wako wote wamekuficha jambo, usikimbilie kutafuta adui. Kuna siri zinafichwa na upendo, na ukizivunja kwa hasira unaweza kumkata unayemtetea. Nawe unayeficha, mwambie japo mmoja anayekupenda kwa vitendo, maana asiyejua hupigana gizani, na ngumi zake hazichagui.

Na kama ndugu yako ana sauti leo, mpigie. Usimwandikie, mpigie. Akianza kukuletea zile habari zake ndefu zisizo na kichwa wala miguu, usimkatishe.

Mwache aongee.